Gladieta si mhanga

SWALI: Ninatafsiri filamu kwa sauti kwenye kibanda umiza hapa Morogoro, na wiki ijayo tunaonyesha ile ya zamani ya Spartacus. Gladieta nimwite nani kwa Kiswahili, na wingi wake ni upi? Mimi nimekuwa nikisema "mabondia wa mapanga". Mwenzangu anataka tuseme "wahanga wa uwanjani", kwa sababu walikuwa watumwa waliolazimishwa kuuana. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, hakuna aliye sahihi kati yenu. Mwite gladieta, yaani mpiganaji wa tamasha za Roma ya kale. Neno linatokana na gladius, upanga mfupi wa Warumi. Limepita katika lugha nyingi kabla ya kutufikia, na watazamaji wako wameshalizoea. Bondia hupigana kwa ngumi. Hata hayo mapanga hayakuwa ya wote: yupo gladieta aliyeingia uwanjani na wavu na mkuki wa ncha tatu, kama mvuvi aliyepotea njia ya baharini.

Swali lako limekwisha hapo. Linalonikera ni neno la mwenzako, na sitaliacha lipite.

Siku hizi basi likipinduka, tunasomewa habari za "wahanga wa ajali". Mto ukifurika, "wahanga wa mafuriko". Soko likiungua, "wahanga wa moto". Nimewahi kuona hata "wahanga wa mgao wa umeme", watu wazima wenye afya zao waliokaa gizani saa nne! Mhanga ni nani basi? Kwa maana ya zamani ni kiumbe anayetolewa kafara. Kwa maana iliyo hai zaidi vinywani mwetu ni mtu anayeyatoa maisha yake kwa ajili ya jambo, huku akijua anachokitoa; ndiyo maana tunasema kujitoa mhanga. Katika maana zote mbili yupo anayetoa, na lipo jambo analolitolea.

Sasa mtazame abiria wa basi. Alikata tiketi ya kwenda Mbeya kumwona mama yake. Hakujitoa, na hakuna aliyemtoa kwa ajili ya chochote. Dereva alilipita lori kwenye kona, magari yakagongana, abiria akafa. Ukimwita mhanga umekipa kifo chake kusudi ambalo hakikuwa nalo, na uzembe wa dereva umeuvika vazi la ibada. Mama aliyekuwa akimsubiri Mbeya anastahili kuambiwa wazi kwamba mwanawe ameuawa na mtu aliyekuwa na haraka.

Baya zaidi ni taarifa za mashambulizi ya mabomu. Sentensi ya kwanza husema mshambuliaji "alijitoa mhanga". Sentensi ya tatu hutaja idadi ya "wahanga wa shambulio". Aliyeua na waliouawa wamepewa jina moja katika taarifa moja, na msomaji wa habari anaendelea kusoma bila kushtuka! Nimeandikia vyumba vya habari kuhusu hili zaidi ya mara moja, na nitaandika tena. Kiswahili hakijapungukiwa. Tuna waliokufa, tuna majeruhi, tuna manusura, tuna waliopoteza makazi. Kila kundi lina jina lake, na kila jina linamweleza msikilizaji jambo ambalo "wahanga" humficha.

Wa Roma nao tuwapime kwa kipimo hicho hicho, maana historia yao inalijaribu neno hili kutoka pande zote.

Mwenzako ana pa kushika mwanzoni kabisa. Mapambano ya kwanza ya magladieta yaliyoandikwa kwamba yalifanyika mjini Roma ni ya mwaka 264 KK, katika mazishi ya Brutus Pera, mkuu mmoja wa Kirumi. Wanawe walileta jozi tatu za wapiganaji wapigane kwa heshima ya baba yao, na waandishi wa Kirumi wa baadaye waliieleza desturi hiyo kuwa damu inayomwagwa kwa ajili ya roho ya marehemu. Hapo pana mtoaji, pana kinachotolewa, pana anayetolewa kwa ajili yake. Watu hao sita ukiwaita wahanga, sitabisha.

Lakini kufikia wakati wa Spartacus, karibu miaka 200 baadaye, mapambano yalikuwa njia ya wanasiasa kununua mapenzi ya wapiga kura. Mtumwa alinunuliwa, akafunzwa, akakodishwa. Pembeni yake alikuwapo hata mtu huru aliyejiandikisha mwenyewe, akala kiapo kwamba atavumilia kuchomwa moto, kufungwa, kupigwa na kuuawa kwa upanga. Huyu alijitoa kweli, ila kwa malipo. Huo ni mkataba wa kazi, tena wa kutisha.

Halafu likaja tukio la mji wa Capua, Italia, mwaka 73 KK. Watumwa 70 na ushei, Spartacus akiwa mmoja wa viongozi wao, walitoroka katika shule ya magladieta ya mtu aliyeitwa Lentulus Batiatus, silaha zao za kwanza zikiwa visu na vyuma vya kuchomea nyama walivyochukua jikoni. Walipanda mlima Vesuvius. Kamanda wa Kirumi, Claudius Glaber, akaja na askari 3,000, akaiziba njia pekee ya kushukia. Wao wakasuka ngazi kwa mizabibu mwitu, wakateremka upande wa genge ambao haukuwa na mlinzi, wakaivamia kambi yake kutoka nyuma. Niambie, ndugu yangu, katika hao yupo wapi mhanga? Hawa ndio waliokataa kutolewa. Ukiliweka neno la mwenzako juu ya tukio hili umewanyang'anya jambo lile lile lililofanya majina yao yakumbukwe.

Wahanga halisi katika vita hiyo ni Warumi. Mwaka 72 KK Crixus, aliyekuwa kiongozi mwenzake Spartacus, aliuawa vitani. Mwanahistoria Appian anaeleza kwamba Spartacus aliwachukua mateka 300 wa Kirumi akawatoa kafara kwa roho ya rafiki yake. Neno linawatosha hao 300 kwa maana yake kongwe kabisa. Ninajua kuwa hatupendi kulisikia hilo kuhusu shujaa wa watumwa. Hata hivyo neno halichagui upande tunaoupenda, na mtu aliyewahi kufanywa tamasha kwa ajili ya wafu wa wengine aliijua maana ya alichokifanya.

Mwaka 71 KK Crassus, jemadari wa Kirumi, akaivunja nguvu ya waasi. Spartacus alifia vitani na mwili wake haukupatikana. Mateka 6,000 walisulubiwa kandokando ya barabara ya Appia, kutoka Capua mpaka Roma. Hao waite waliosulubiwa. Crassus aliwatundika ili kila mtumwa apitaye aogope, na kitenzi kinalisema hilo bila msaada. "Wahanga 6,000" kunamwondoa Crassus machoni pa msikilizaji.

Filamu yenyewe, ile ya mwaka 1960 aliyoigiza Kirk Douglas, imebadilisha jambo moja kubwa, na hapo ndipo utakapolihitaji neno nililokunyima. Mateka wameketi bondeni. Wanaambiwa hawatasulubiwa iwapo watamwonyesha Spartacus. Kabla hajajitaja, mwenzake anasimama na kusema, "Mimi ndiye Spartacus." Anasimama mwingine, na mwingine, mpaka bonde zima linapiga kelele. Tukio hilo halimo katika historia. Ni la filamu. Lakini kila anayesimama pale ana njia ya kuuepuka msalaba na anaikataa kwa hiari yake, kwa ajili ya mtu anayempenda. Pale, ndugu yangu, sema kwa sauti yako yote kwamba watu hawa wanajitoa mhanga. Na kwa kuwa hukulitumia tangu mwanzo wa filamu, litasikika.

Ninajua nitakachojibiwa: kwamba lugha ni ya watu, na watu wameshaamua. Huenda wameamua. Siwezi kusimama mlango wa kila studio, na kijana akiniambia "wahanga wa mafuriko" kwa uchungu wa kweli, nikamwona anakusanya mablanketi, nitamsaidia kubeba mablanketi kwanza. Kwenye kipaza sauti chako lakini chaguo ni lako, na hadhira yako husikiliza kuliko unavyodhani.

Kuhusu wingi: gladieta mmoja anapigana, magladieta wawili wanapigana, kama daktari na madaktari. "Gladieta imekufa" nimelisikia, nalo ni kosa. Mmiliki wa shule ya Capua aliwanunua kama bidhaa, lakini wewe usimfuate katika ngeli: sema amekufa.