Huyo bundi huenda si wa Athens: tazama shavu

Mkuu uliyeweka picha ya sarafu ya fedha yenye bundi, iliyotoka kwenye mkoba wa marehemu babu yako aliyekuwa akifanya biashara Yemen: watatu wamekwambia ni feki. Usiitupe kwanza. Mimi yangu nusura niitupe.

Naishi Muscat. Yangu niliitoa kwenye bakuli la vifungo na pete zilizokatika, dukani kwa mzee mmoja wa vitu vya kale. Upande mmoja Athena, mungu wa kike wa mji wa Athens huko Ugiriki ya kale, na kofia yake ya vita, wa pili bundi na herufi ΑΘΕ, kifupi cha jina la Waathens. Nikaenda kwa sonara tukaipima: gramu 5.4. Nikajua nimeshapigwa, maana bundi wa Athens wa drakma nne (drakma ndiyo pesa yao) ana gramu 17 na kitu, wa drakma moja 4.3. Hii yangu haikuwa huku wala kule. Ikalala kwenye droo karibu mwaka mzima.

Siku moja nikaitazama kwa kioo cha sonara, taa nikaiweka ubavuni. Shavuni mwa Athena pana kijistari kimevunjika mara mbili, kama umeme anavyouchora mtoto. Nilikuwa nikidhani ni mkwaruzo. Kumbe ni N ya maandishi ya kale ya Yemen, yale ya falme za Saba na Qataban, na imechongwa kwenye chapa yenyewe kabla ya sarafu kugongwa.

Hapo uzito ukaingia akilini. Watu wale waliuza ubani na manemane, fedha ya Athens ikawafikia, sokoni bundi akaaminika. Walipoanza kugonga sarafu zao walimbakiza bundi, ila wakafuata kipimo chao na kuandika thamani shavuni: N ni sarafu nzima, G ni nusu, T ni robo. T yao imekaa kama X, kwa hiyo ukiona X na mizani ikasoma gramu 1.3 hivi, mambo yameelewana. Baadaye kidogo utakuta bundi amesimama juu ya mtungi uliolala; hiyo wameiga toleo jipya la Athens, nayo ni ya Yemen vilevile.

Msikimbilie Yemen kwa kila bundi wa ajabu, lakini. Misri nako waliiga, tena kwa uzito kamili wa drakma nne, kwa hiyo mizani peke yake haitakusaidia. Huko soma maandishi. Artashasta wa Tatu, mfalme wa Uajemi, alipoiteka Misri mwaka 343 KK, zilitoka sarafu za bundi zenye jina lake kwa Kidemotiki, mwandiko wa Wamisri wa kale, pale ilipokuwa ΑΘΕ. Sabakes, liwali wa Waajemi huko Misri, aliyeuawa mwaka 333 KK kwenye vita vya Issus dhidi ya Aleksanda Mkuu, aliweka jina lake kwa Kiaramu. Zisizo na jina lolote ndizo zinazogombanisha wataalamu mpaka leo, na mtu anayekutajia mji kwa kutazama picha ya simu tu, mimi simwamini.

Na hili neno "feki" tulipunguze. Waathens wenyewe walitofautisha. Sheria yao ya mwaka 375/4 KK ilimweka mkaguzi sokoni: bundi wa kigeni mwenye fedha safi alirudishiwa mwenyewe, ila mwenye shaba au risasi ndani alikatwa papo hapo na kutaifishwa. Na nyingi za fedha safi nazo zina jeraha la patasi, watu walikuwa wakizikata kutazama ndani kuna nini. Hilo jeraha lisikutie hofu. Cha kuhofia ni mshono unaozunguka ukingo na vitundu kama vya chapati ya maji usoni, kwani hiyo imesubiwa kwenye kalibu, na kwa bundi hawa ni kazi ya juzi.

Sasa tuwekee uzito, kwa mizani ya sonara, si ya jikoni, na picha ya shavu mwanga ukitokea ubavuni. Na tafadhali, limau na dawa ya meno viweke mbali nayo. Mimi yangu niliisugua, nusu ya ile N nikaila mwenyewe.