Kabla ya kuomba lori la pili, pimeni taka

Mheshimiwa diwani, umeeleza kwamba mji wenu huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, una watu 40,000, lori moja, na taka zinalala sokoni. Baraza linataka kuomba lori la pili. Nashauri mpime kwanza.

Chagueni kaya 60: za wenye nacho, za kati na za wanyonge. Kila kaya ipewe magunia mawili, la vinavyooza na la vingine, kisha mpime kwa mizani ya kuning'iniza siku nane mfululizo. Vipimo vya siku ya kwanza msivihesabu, maana gunia hilo huja na taka za wiki nzima. Soko lipimwe peke yake, siku ya gulio na siku ya kawaida.

Tuseme mmepata nusu kilo kwa mtu kwa siku. Hizo ni tani 20. Hapa ndipo mabaraza mengi hukosea: lori la tani saba halibebi tani saba za taka. Taka zisizoshindiliwa zina kilo 300 hadi 400 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo bodi ya lori ya mita 10 za ujazo hujaa ikiwa na tani tatu na nusu. Tani 20 zinahitaji safari sita kila siku. Lori lenu likimudu nne, tani sita zinabaki mjini, na kesho zinaongezeka nyingine sita.

Sasa angalieni soko. Maganda ya muhogo, makapi ya miwa, kabichi, maembe yaliyooza: hayo ni maji kwa sehemu kubwa, nanyi mnayalipia dizeli mpaka jalalani. Yageuzeni mboji karibu na soko. Jengeni tuta la kimo cha mita moja na nusu, upana mita mbili na nusu chini, juu ya sakafu ngumu yenye mwinamo na mfereji. Taka mbichi zichanganywe na kitu kikavu, kama mabua ya mahindi au maganda ya karanga. Chukua konzi moja uikamue: yakidondoka matone mawili matatu, sawa, yakitiririka, ongeza kikavu, ikibaki vumbi, mwagia maji. Ndani joto lifike nyuzi 55 na likae hapo siku 15, huku tuta likigeuzwa mara tano. Likinuka kama yai viza, limekosa hewa. Wiki 10 hadi 12 huwa tayari.

Kinachoua miradi hii ni vigae vya chupa. Mkulima akishajikata kidole kwenye mboji yenu, hanunui tena, na jirani yake hanunui kabisa. Kuchuja mwishoni hakutoshi, vipande vidogo hupenya chekecheke. Ndiyo maana kutenganisha kuanzie kwenye meza ya mama muuza mboga, kabla kavera (mifuko ya plastiki) na chupa hazijaingia kwenye pipa lake. Mwenyekiti wa soko asimame hapo asubuhi wiki za mwanzo, na lori likatae pipa lililochanganywa. Likipokea mara moja tu, mazoea yamevunjika.

Uongozi ninaoujali mimi uko kwenye bajeti. Mafuta, matairi, sevisi na mishahara ya wafagiaji vipitishwe kabla ya chombo chochote kununuliwa, na sehemu ya ushuru wa soko itengwe kwa kazi hiyo. Dereva aandike kila safari: saa, kilomita za gari, lita za mafuta, mahali alipobeba. Daftari likaguliwe kila Ijumaa na lisomwe barazani. Waokotaji wa chuma na plastiki wapeni buti za mpira, glavu na mahali palipotengwa. Wanawapunguzia mzigo bure.

Na jalala lenyewe msilisahau. Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996 kupokea taka za Kampala, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 30. Biwi refu lenye kuta za wima, likinywa maji, hukosa kushikana. Mteremko uwe mita tatu kwenda mbele kwa kila mita moja ya kimo, maji ya mvua yakingwe kwa mtaro kuzunguka eneo zima, udongo utandazwe juu ya taka mara kwa mara, na asiruhusiwe mtu kujenga chini ya mteremko. Mitaro izibuliwe kabla mvua hazijaanza.