Kwa nini saratani ya titi hupenda kuhamia mifupani

Ndugu, umeuliza kwa nini saratani ya titi huhamia mifupani mara nyingi, ilhali damu huzunguka mwili mzima. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget, baada ya kuchunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani hiyo, alizifananisha seli zake na mbegu zinazoota tu pale udongo unapozifaa.

Kwanza seli hujing'oa: protini ya kadherini-E inayoishikamanisha na jirani zake hupungua, na vimeng'enya hukata utando unaoizuia kupenya. Wengi hudhani hatari yote iko hapo, kumbe seli nyingi mno zinazoingia kwenye damu hufia humo.

Mifupani ndipo jambo hili linapokuwa zito. Uboho hutoa kemikali ya CXCL12, ambayo huzivuta seli zenye kipokezi cha CXCR4, yaani sehemu ya juu ya seli inayoinasa kemikali hiyo, na seli nyingi za saratani ya titi zinacho. Zikishatulia, hutoa protini inayofanana na homoni ya tezi paradundumio, yaani tezi ndogo za shingoni, ambayo kupitia seli za kujenga mfupa huziamsha osteoklasti, yaani seli zinazokula mfupa. Nao mfupa unapomomonyoka huachilia kemikali ya ukuaji iitwayo TGF-beta iliyohifadhiwa ndani yake, inayozichochea seli za saratani kutoa protini ileile kwa wingi zaidi. Kwa maoni yangu, mzunguko huo ndio kiini cha jibu lako, na ndiyo sababu wagonjwa wa aina hii hupewa bisfosfonati au denosumabu, dawa zinazozuia osteoklasti na kupunguza mivunjiko.