Niupitishe mradi mzima kwenye PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python?

Swali: Nimekabidhiwa mradi wa Python wa miaka mingi. Kuna mistari ya herufi 110 na majina ya funksheni kama getUserName. Mwenzangu anasema niupitishe wote kwenye autopep8, programu inayorekebisha msimbo ufuate PEP 8, nikiongeza chaguo la --aggressive, nimalize kwa usiku mmoja. Nifanye hivyo?

Jibu: Usifanye. Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara yupo "mwenzangu" mwenye amri moja inayotibu magonjwa yote.

Herufi 79, kikomo cha PEP 8 kwa kila mstari, watu wamezigeuza amri kumi. PEP 8 iliandikwa mwaka 2001 kwa ajili ya maktaba sanifu ya Python, na yenyewe inaruhusu timu kukubaliana hadi herufi 99. Inasema wazi kwamba ulinganifu ndani ya mradi una uzito kuliko kuufuata mwongozo, na kwamba usivunje msimbo unaoitegemea kazi yako kwa ajili ya kuutii tu. Maneno hayo yako karibu na mwanzo kabisa. Wanaoufanya fimbo sijui huanza kusoma wapi. Kwa hiyo getUserName iache, maana hujui ni programu ngapi zinaiita.

Sasa hiyo --aggressive. Bila hiyo, autopep8 hugusa hasa nafasi tupu. Ukiiongeza, hubadili x == None kuwa x is None, na mara nyingi ni sawa. Lakini kama mradi unatumia SQLAlchemy, maktaba ya kuwasiliana na hifadhidata, filter(User.email == None) hugeuzwa kuwa IS NULL (yaani haina thamani) ndani ya hifadhidata, ilhali User.email is None huamuliwa na Python papo hapo: jibu ni False, na hupati rekodi hata moja. Hakuna kosa litakaloonekana. Utaambiwa na wateja.

Mistari mirefu ikikukera, tumia Black, programu ya kupanga msimbo, ambayo huhakikisha kuwa maana ya msimbo haikubadilika. Badiliko hilo liweke peke yake, ulisajili kwenye .git-blame-ignore-revs, faili la mabadiliko ambayo git blame huyaruka inapotafuta mwandishi wa mstari (Git 2.23 na kuendelea), usije ukaonekana wewe ndiye mwandishi wa kila mstari.

Na yeyote anayekuuzia "msimbo safi" kwa amri moja, muulize usafi gani. Nimewahi kukagua moduli isiyo na onyo hata moja la flake8, programu ya kukagua mtindo, na nenosiri la hifadhidata limeandikwa waziwazi mstari wa tatu, na nafasi zimeachwa vizuri kabisa pande zote za alama ya sawa.