Juu huko, Cazaly!

Mmeuliza wiki hii: mchezaji gani wa zamani, aliyestaafu kabla hujazaliwa, ungetamani kumwona kwa macho yako? Najua wengi watamtaja Pelé. Mimi nilikuwa kipa wa timu ya mtaa kwa miaka mingi, na kipa humhusudu mtu anayejua kuruka. Nipeni Roy Cazaly wa Australia.

Soka ya kwao ni nyingine kabisa. Mpira una umbo la yai, kila timu ina watu 18 na mikono ruksa. Enzi zake refa aliudunda mpira chini, ukapaa, kisha wawili waliurukia kuugombea angani. Kwa kawaida kazi hiyo walipewa majitu. Cazaly alikuwa na sentimita kama 180 tu, na bado aliwafikia juu.

Nyumbani aliutundika mpira kwenye dari la banda, akawa anaurukia siku nenda rudi. Tena aliamini kwamba ukivuta pumzi wakati wa kuruka, unapaa zaidi. Hilo la pumzi nimelijaribu mwenyewe; lililonijibu ni goti.

Ligi ya jimbo la Victoria aliingia kwa bahati, mwaka 1911. Wachezaji wa St Kilda walikuwa wamegoma, klabu ikaokoteza vijana wa kuziba nafasi, naye akawamo. Mwaka 1913 alicheza fainali, Fitzroy wakawafunga. Ubingwa wa ligi ile hakuuonja hadi anaondoka, na mechi zake ni 99 akiwa St Kilda na 99 akiwa klabu ya South Melbourne. Mtu kama mimi inamuuma: hata moja ya kutimiza mia?

Lakini South Melbourne ndiko jina lake lilikoota mbawa. Mwenzake Fred Fleiter, kila akiona mpira unashuka, alimpigia kelele: "Juu huko, Cazaly!" Mashabiki wakaidaka kauli hiyo, ikatoka uwanjani ikaingia mitaani, na kwenye Vita Kuu ya Pili askari wa Australia wakaifanya ukelele wao wa vita. Mwenyewe alifia kisiwani Tasmania, mwaka 1963.

Sihitaji mechi nzima. Nipeni robo moja tu ya mechi ya mwaka 1922, nisimame karibu na kamba, nimsikie Fleiter akiita.