Gracias a la vida ni wa Violeta Parra
Ndugu yangu, unasema wimbo wa Kihispania “Gracias a la vida” (“Asante kwa maisha”) ulitungwa na mwimbaji Mercedes Sosa. Hapana, hakuutunga yeye. Wimbo ni wa Violeta Parra, mwimbaji na mtunzi wa Chile. Aliutoa mwaka 1966, kwenye albamu yake ya mwisho akiwa hai. Februari 1967 akafariki. Sosa, Mwargentina, aliurekodi 1971 katika albamu nzima ya kumuenzi Violeta, na sauti yake nzito ikausambaza mbali. Ila sikiliza kwanza ule wa Violeta mwenyewe, tafadhali. Anaimba taratibu, bila mbwembwe, akiyashukuru maisha kwa macho, masikio, hata miguu iliyochoka, iliyompitisha mijini, kwenye madimbwi, jangwani na milimani, mpaka nyumbani kwa mpenzi wake, mtaani kwake, uani kwake. Ubeti huo hunishika kila mara.