Mkuu, kwa siku 8 za picha Italia kaa bonde la Val d'Orcia huko Toscana, usizunguke nchi nzima

Mkuu, nimesoma ratiba yako mara mbili. Siku 8 katikati ya Mei, wewe na shemeji, kamera moja na lenzi mbili. Mnashukia Milano, halafu Como, Dolomiti, Venezia, Cinque Terre, Toscana, mnamalizia Amalfi. Umeuliza kama inawezekana, na kama ubebe droni.

Kufika mtafika. Lakini picha ulizotuonyesha kama mfano, za vilima vya kijani vyenye ukungu bondeni na nyumba moja juu ya kilima, hamtazipata kwa mwendo huo. Kutoka Como hadi Amalfi ni zaidi ya kilomita 800. Kila mnapohama hoteli mnapoteza ama alfajiri ama jioni, na hizo ndizo saa za kazi.

Nayajua haya kwa sababu mwaka 2017 nilifanya ratiba kama yako, miji sita kwa siku tisa. Nilirudi Dar na picha zaidi ya 3,000, karibu zote zimepigwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Anga jeupe, vivuli vyeusi chini ya macho ya watu, vilima havina umbo. Iliniuma, maana ile fedha niliiweka kwa miaka miwili. Mwaka 2019 nikarudi, nikakaa usiku saba kwenye nyumba moja ndani ya Val d'Orcia, kusini mwa Siena. Oktoba 2022 nikaenda tena palepale. Picha zote nilizotundika sebuleni ni za safari hizo mbili.

Kwanza ujue unakwenda kupiga picha ya nini. Mandhari ya bonde lile haikujiotea. Karne ya 14 na 15 mji wa Siena ulipolimiliki, mashamba, njia, nyumba na miti vilipangwa ili pawe mahali pazuri pa kutazama na pa kulima kwa pamoja, na ndiyo sababu UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2004. Ukiwa Siena ingia Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji, utazame michoro ya ukutani ya mchoraji Ambrogio Lorenzetti ya mwaka 1338 na 1339, ile ya utawala mwema na utawala mbaya. Upande wa utawala mwema, nje ya ukuta wa mji, utaona vilima, wakulima na njia za mashamba. Mimi niliitazama kwa saa nzima, na kesho yake nilipokwenda shambani nikawa naona mistari ambayo siku mbili za mwanzo sikuiona kabisa: mpaka wa shamba unavyopinda kufuata kilima, safu ya misaiprasi, ile miti mirefu myembamba, inavyolivuta jicho mpaka mlangoni kwa mtu. Kwa mpigapicha hilo ni somo kubwa kuliko mafunzo mengi ya kulipia.

Sasa mwanga, na hapa sisi wa huku tunatakiwa tusahau mazoea. Dar jua linashuka karibu wima. Likishafika chini, kwenye nyuzi 6 juu ya upeo, una kama dakika 25 tu na limezama, na giza linakuja mara moja. Toscana iko nyuzi 43 kaskazini ya ikweta, jua linashuka kwa mshazari. Mwezi Mei kipande hichohicho cha anga linakitembea kwa zaidi ya dakika 35, na mwangaza wa baada ya jua kuzama unadumu nusu saa nyingine. Safari ya kwanza nilikuwa nafungasha vifaa jua linapogusa kilima, kwa haraka ya nyumbani, wakati rangi nzuri za zambarau zinakuja baadaye. Usiondoke mapema.

Katikati ya Mei jua linachomoza kama saa 11:50 alfajiri na kuzama kama saa 2:25 usiku. Maana yake unaamka saa 10:45 na unarudi kulala karibu saa 5 usiku. Hakuna binadamu anayeweza hivyo siku saba bila kulala mchana, kwa hiyo usingizi wa mchana uingie kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote. Mwambie na shemeji mapema, ajue kwamba saa 8 mchana ni muda wa kulala na si muda wa kutembea madukani. Oktoba ni nafuu, katikati ya mwezi jua linachomoza saa 1:25 asubuhi, ila ngano hakuna. Utakuta udongo uliolimwa, rangi ya kahawia na kijivu. Ukitaka kijani, umechagua mwezi sahihi. Mwishoni mwa Mei maua ya popi, mekundu, yanaanza kujaa mashambani. Julai ngano imeshavunwa.

Ukungu ndio kila mtu anautaka, na hauji kwa kuombwa. Unataka mvua mchana au jioni, kisha usiku anga lisafike na upepo utulie. Ardhi inapoa haraka, unyevu unageuka ukungu, na hewa ya baridi kwa uzito wake inatelemka na kutulia bondeni. Vilima vinabaki juu kama visiwa. Kwa hiyo jioni usiangalie utabiri wa mvua peke yake, tazama upepo wa alfajiri na mawingu ya usiku.

Mwaka 2019 nilitoka alfajiri nne mfululizo nikakuta anga kavu. Siku ya tano ilinyesha kuanzia alasiri hadi saa 3 usiku. Mama mwenye nyumba alinionyesha bonde kwa kidole akasema "domani nebbia", kesho ukungu. Saa 11:10 nilikuwa kando ya barabara inayotoka San Quirico kwenda Pienza, miji midogo ya bonde lile, mahali unapoitazama Podere Belvedere, ile nyumba maarufu yenye misaiprasi. Tulikuwa wanne na tripodi zetu, hakuna aliyesema neno. Ukungu ulikuwa mzito mpaka sikuona mita 20 mbele. Jua likachomoza, hatukuliona. Saa 12:10 wawili wakafungasha wakaondoka. Kama robo saa baadaye ukungu ukaanza kushuka taratibu, kikatokea kilele cha msaiprasi mmoja, kisha paa, kisha nyumba nzima imekaa juu ya weupe na mwanga wa machungwa ubavuni. Ilidumu dakika 12. Niliweka kidole kwenye kamera na mkono ulikuwa unatetemeka, na si kwa baridi.

Kuhusu maeneo, usijaze orodha. Chukua matano au sita uyarudie. Belvedere ni ya alfajiri. Ni mali ya mtu, piga kutoka barabarani. Kanisa dogo la Vitaleta, kati ya San Quirico na Pienza, unaacha gari unatembea kwenye njia ya changarawe. Mimi lilinipa picha nzuri zaidi siku ya mawingu mazito kuliko siku ya jua. Kuna kikundi cha misaiprasi kimesimama duara katikati ya shamba kando ya barabara ya Cassia, SR2, kaskazini ya San Quirico. Barabara ya Monticchiello inayopinda kama nyoka ni ya jioni. Na usidharau ukuta wa Pienza upande wa kusini: unasimama tu pale, mkono mmoja una kipande cha mkate, unalitazama bonde zima mpaka Monte Amiata, mlima wa mita 1,738 ambao zamani ulikuwa volkano. Siku ya mwili kuchoka nendeni Bagno Vignoni, kijiji ambacho uwanja wake wa katikati ni bwawa la maji ya moto. Alfajiri ya baridi mvuke unapanda juu ya mawe.

Ukipata nafasi ya nusu siku zaidi, panda kaskazini hadi Crete Senesi karibu na Asciano. Pale ni udongo wa mfinyanzi wa kijivu, vilima vitupu, mti mmojammoja. Angalizo: mvua ikinyesha udongo ule unaganda kwenye viatu kilo kwa kilo, na gari dogo linateleza.

Lenzi. Umesema una 16-35 (pana) na 70-200 (ndefu, ya kuvuta mbali) na unafikiria kuiacha ndefu kwa ajili ya uzito. Acha kitu kingine chochote, hiyo ibebe. Nilipohesabu picha nilizobakiza za mwaka 2019, nane kati ya kumi zilikuwa za 70-200. Lenzi pana inavisukuma vilima mbali na kujaza picha kwa anga na nyasi. Ndefu inavikusanya, kilima juu ya kilima, na hapo ndipo ile mistari niliyosema inapoonekana. Tripodi ni lazima, nzito kiasi, maana kilimani kuna upepo. Beba kitambaa kikavu cha kufutia umande kwenye kioo cha lenzi. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kule, nunua adapta kabla ya kuondoka. Kamera yako itaudhani ukungu ni mwanga mkali na kuitia picha giza. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga cha kamera) hadi stopu nzima, na piga RAW, yaani faili ghafi la kamera.

Hili la shemeji nalisema kwa mkazo kwa sababu wengi wetu tunakosea. Ngozi yetu mbele ya anga la kung'aa au ukungu inageuka kivuli kama hukuipimia. Pima mwanga usoni kwake, usipime mandhari, na umsimamishe ili jua la asubuhi limguse kwa ubavu. Anga likiungua kidogo, likawa jeupe tupu, sawa, uso ndio picha. Mwambie abebe kitenge chekundu au cha manjano iliyokolea. Katika ule ujani wote nguo ile peke yake inabeba picha. Mke wangu alivaa kitenge cha rangi ya chungwa kwenye njia ya changarawe, na ndiyo picha ambayo kila mgeni wetu anasimama kuitazama.

Bakini njiani, nasema. Msiingie kwenye ngano. Ile ngano ni riziki ya mtu, na ikishalazwa na nyayo, alama zinaonekana kwenye picha za wenzako mwezi mzima. Nimeona kijana amelala katikati ya shamba apigwe picha na mkulima amesimama mbali anatazama tu. Niliona aibu kama ni mimi.

Droni iache. Sheria za Ulaya zinataka ujisajili hata iwe chini ya gramu 250 ikiwa ina kamera, Italia wanadai na bima, na mwisho wa kupaa ni mita 120. Hayo yote yanatimizika, ila kwa maoni yangu ukivitazama vilima vile kutoka juu vinalala bapa. Uzuri wake unaonekana kutoka kimo cha mtu aliyesimama kwenye kilima cha jirani.

Gari ni lazima, mabasi ya huko hayatembei alfajiri. Shukeni Roma badala ya Milano; kutoka uwanja wa Fiumicino ni kama kilomita 200, mnafuata barabara kuu ya A1 na kutokea Chiusi. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva kabla ya kuondoka. Mwaka 2017 kampuni iliyonikodisha gari ilinikatalia kaunta nusu siku kwa kukosa hicho, na safari hiyohiyo niliingia mjini kwenye eneo la ZTL, yaani sehemu ya kale ambayo magari ya wageni hayaruhusiwi. Hakuna askari, kuna kamera tu. Faini ilinifuata miezi kadhaa baadaye, pamoja na ada ya kampuni ya gari juu yake. Ukiona duara lenye ukingo mwekundu lenye maandishi zona a traffico limitato, geuza. Na siku ya kwanza endesha mchana, tumezoea kushoto, wao ni kulia.

Lala kwenye agriturismo, nyumba za shamba zinazopokea wageni, isiyozidi dakika 15 kutoka San Quirico au Pienza. Omba yenye jiko. Migahawa mingi inafungua chakula cha usiku saa 1:30, wakati mwanga ndio unaiva. Sisi tulinunua mkate, nyanya na pecorino, jibini ya kondoo ya Pienza, tukala juu ya boneti ya gari tukisubiri jua.

Viza ianzeni sasa. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inapokea maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya afya isipungue euro 30,000. Ukishakaza safari yote Italia, ratiba ya maombi nayo inanyooka: nchi moja, nyumba moja, tarehe zinazoeleweka.

Mkishapata miadi ya viza, weka hapa tarehe kamili za kufika na kuondoka. Nitakuangalizia mwezi utakuwa wapi na jua litachomoza upande gani ukiwa Vitaleta, tuchague pamoja ni alfajiri ipi ya sehemu gani.